Mwizi Ni Mjomba Donald

Siri ya kitabu changu ilitoka kanisani, wakati wa maombi ya mahitaji, na aliyeitoa aliitoa kwa nia njema kabisa.

Mzee Mwandawiro alisimama, akashika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwaita watu kelele za gari moshi zikipita: "Wapendwa, nina hitaji moja tu. Tumwombee dada yetu Jedidah. Jumamosi hii kitabu chake kinasomewa vijana wetu kumi, na mhariri anatoka Nairobi kuja kuwapima. Wakimjua mwizi kabla ya sura ya mwisho, kitabu kinarudishwa. Kwa hiyo tumwombe Bwana awazibe macho vijana hawa, wasitambue kabisa kwamba mwizi ni Mjomba Donald."

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Nikayafumbua polepole. Kwenye mabenchi ya vijana, Rita wa kidato cha pili alikuwa amegeuka kunitazama, mkono umeziba mdomo, mabega yanatikisika. Nyuma kabisa, Donald mwenye bucha alikuwa ameinuka.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mimi nimeiba nini?"

"Si wewe, kaka. Ni Donald wa kitabuni."

"Basi huyo wa kitabuni apewe jina lake!"

Watu walicheka hadi mchungaji akalazimika kugonga mimbari. Wote walicheka isipokuwa mimi, na Mzee Mwandawiro, ambaye alikuwa bado ameinamisha kichwa akiomba.

Nieleze kidogo. Mimi ni fundi wa kushona sare za shule, na kibanda changu kiko sokoni, Voi. Nina miaka arobaini na minne. Niliacha shule darasa la saba kule Wundanyi, na miaka mitatu iliyopita nikajiandikisha katika masomo ya jioni ya watu wazima. Huko ndiko mwalimu alikosoma insha yangu moja, akauliza, "Halafu ikawaje?" Tangu jioni hiyo sijaacha kuandika. Nawaandikia vijana wa sekondari hadithi za taharuki, zile ambazo msomaji anafungua ukurasa huku moyo unamwenda mbio.

Sipendi mizimu katika hadithi. Mzimu hauna haja ya mlango. Mimi nampenda mwizi anayebisha hodi, anayeuliza habari ya mama, anayekula kimanga na maharagwe pamoja na watu aliowaibia. Napenda kuandika saa nane mchana, jua likiwa limewafukuza wateja wote sokoni, na kikombe cha uji wa wimbi uliopoa kando yangu. Chai siiwezi nikiandika; chai inataka kunywewa moto, na hadithi nayo haikubali kuachwa ipoe. Mstari wa kwanza wa kila sura nauandika kwa chaki ya fundi juu ya karatasi ya kaki ninayochorea vipimo. Nikiutazama siku nzima bila kuuchoka, nauhamishia daftarini. Na kabla ya kuandika lolote nainamisha kichwa juu ya cherehani na kusema, "Bwana, nionyeshe mlango." Sijawahi kumwomba anionyeshe aliye nyuma yake. Hiyo ni kazi yangu.

Sura ikiisha, nawasomea wenzangu wa masomo ya jioni. Kila Alhamisi mwalimu ananipa dakika ishirini za mwisho. Mzee Mwandawiro, aliyestaafu kazi ya reli na sasa ana miaka sitini na minane, huketi dawati la mbele na kunisikiliza mdomo wazi. Ndiyo maana alimjua mwizi.

Kitabu chenyewe kinamhusu msichana aitwaye Mkamburi. Baba yake na wenzake wanachimba vito karibu na mlima wa Kasighau. Wanapata jiwe la kijani, kubwa kuliko yote waliyowahi kuona, na usiku ule ule linapotea. Wachimbaji wanamshuku baba. Mkamburi anaapa kulitafuta, na anayejitolea kumsaidia, anayembeba kwa pikipiki kutoka Maungu hadi kwenye machimbo, ni mdogo wa mama yake, Mjomba Donald, anayempenda kuliko watu wote. Na ndiye aliyeiba.

Niliupeleka muswada kwa wachapishaji. Baada ya miezi mitano nikapigiwa simu na mhariri, dada mmoja aitwaye Valentine.

"Mama, mimi nimeupenda," aliniambia. "Sura ya tatu inalegea kidogo, ile ya pikipiki, lakini nimeupenda. Shida ni bosi wangu. Anasema vijana wa siku hizi wanamshika mwizi ukurasa wa kumi. Ametoa sharti. Nije huko, tuwasomee vijana kumi, kisha kila mmoja ajaze fomu. Fomu ina swali moja: 'Je, ulimjua mkosaji kabla ya sura ya mwisho?' Wakiandika 'ndiyo' zaidi ya nusu, basi."

"Basi nini?"

"Basi hatuchapi, Mama. Pole."

Sikulala vizuri wiki hiyo, kwa furaha. Kitabu! Chenye jina langu! Na sasa, siku sita kabla ya Jumamosi, vijana saba kati ya wale kumi walikuwa wamemsikia mwizi akitajwa mbele za Bwana.

Nje ya kanisa Mzee Mwandawiro alinijia akitabasamu.

"Mama Mable, umeona walivyoomba kwa nguvu?"

"Nimeona, Mzee. Lakini umetaja jina."

"Jina gani?"

Nilimwona akifikiri, midomo ikisogea, akiyarudia maneno yake tangu mwanzo. Alipofika kwenye jina, akashika kichwa.

"Yesu wangu! Na vijana walikuwa ndani?"

"Saba, Mzee."

Akakaa kwenye ngazi ya kanisa. Kisha akaniinulia macho. "Lakini, Mama Mable, mtu ataombaje bila kutaja? Bwana atawafichaje jambo ambalo hajaambiwa?"

Jumapili mchana nilianza kubadilisha mwizi. Nilijaribu kumfanya awe mlinzi wa machimbo. Nilijaribu mama mwenye hoteli pale Maungu. Nilijaribu hata baba mwenyewe. Lakini kila mshonaji anajua: nguo iliyokatwa iwe gauni haigeuki suruali. Mjomba Donald alikuwa ndani ya kila mshono. Nikimtoa, Mkamburi hakuwa na mtu wa kumpenda, na bila mtu wa kumpenda, jiwe lilikuwa jiwe tu. Jumatatu nilifunga, nikaomba, nikaendelea kufumua. Jumatatu jioni nilikuwa na rundo la nyuzi tu.

Jumanne saa tisa unusu Rita alikuja kibandani na sketi yake ya shule ili nimshushie upindo. Alikuja na rafiki yake Sumayya, binti wa Abdulghani anayeniuzia vitambaa, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale kumi. Sumayya haji kanisani kwetu, kwa hiyo nilikuwa na tumaini dogo.

"Shikamoo, Shangazi," akasema kwa adabu. "Na huyo Mjomba Donald jiwe kaliweka wapi?"

Nikamgeukia Rita.

"Auntie, ilinitoka tu," akasema. "Break ya saa nne. Class yote inajua."

Nilicheka. Sikuwa na la kufanya ila kucheka. Nikaona kama kitabu kimekufa, basi na tukae matanga pamoja.

"Ndani ya tochi," nikasema. "Ametoa betri, akalitia jiwe mahali pa betri. Tochi anaining'iniza kwenye usukani wa pikipiki kila siku, watu wote wanaiona."

"Wee!" akasema Rita.

"Tusomee kidogo, Shangazi," akasema Sumayya. "Sketi si haraka."

Nikachukua daftari, na lilipofunguka lilifunguka sura ya tatu, ile iliyolegea. Ni sura ya safari tu. Mkamburi anatoka Maungu na mjomba, wanapita kwenye mashamba makavu, giza linaanza kuingia, mjomba anampa tochi aishike ili isigonge usukani, wanaongea habari za shule. Nilikuwa nimeiandika ili msomaji apumzike.

Nikasoma: "'Hebu nishikie hii,' mjomba akasema, na Mkamburi akaipokea tochi, akaiweka mapajani."

"Kaishika!" Sumayya akanong'ona. "Rita, kaishika mkononi mwake!"

"Mama!" Rita akaruka. "Ako nayo!"

Nikaendelea. "Giza lilipozidi, Mkamburi akabonyeza kitufe. Tochi haikuwaka. Akaitikisa. 'Mjomba, betri zimekufa?'"

Sumayya alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Rita alikuwa amesimama juu ya kigoda, sijui alipanda lini.

"'Zimekufa,' mjomba akasema, na pikipiki ikapunguza mwendo."

"Anasimama kwa nini? Auntie, anasimama kwa nini? Hapo si ni porini!"

"Shangazi, wallahi, mwambie ashuke! Mwambie asiifungue! Aa, aifungue! Hapana, asiifungue!"

Nikaacha kusoma. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama cherehani iliyokanyagwa na mtoto. Niliyatazama yale maneno ya mwandiko wangu mwenyewe, "Zimekufa, mjomba akasema", na nikayaona kama mtu mwingine ameyaandika. Sura ile haikuwa imelegea. Ilikuwa inamsubiri msomaji anayejua.

Miaka mitatu nilikuwa nimekaa nimekumbatia siri, nikidhani hofu inatoka kwenye kutojua. Na hapa wasichana wawili wanaojua kila kitu walikuwa wanatetemeka, kwa sababu asiyejua ni Mkamburi.

"Nendeni nyumbani," nikawaambia.

"Na sketi?"

"Kesho! Nendeni, nendeni!"

"Auntie, unatuacha hapo? Hiyo ni roho mbaya, aki."

Walitoka wakinung'unika, na nikawasikia wakibishana hadi mwisho wa soko kama Mkamburi angeruka au asingeruka. Nikainamisha kichwa juu ya cherehani. Maombi yangu yalikuwa neno moja tu, asante, kisha nikachukua kipande kipya cha karatasi ya kaki. Kwa chaki nikaandika mstari wa kwanza wa sura mpya ya kwanza: "Mjomba Donald alitoa betri mbili kwenye tochi yake, akatia jiwe, akafunga, kisha akaenda kula kwa dada yake." Sikuutazama siku nzima. Niliuhamishia daftarini pale pale.

Jumatano na Alhamisi niliandika bila kushona hata kifungo kimoja. Sikuhitaji kubadilisha mengi. Palipokuwa na maneno ya kumficha mjomba, nilikata. Palipokuwa na tochi, niliacha tochi ing'inie. Alhamisi jioni sikuwasomea wenzangu. Niliwaambia tu kitabu kimegeuka. Mzee Mwandawiro hakuniuliza lolote, maskini. Alikuwa ameapa kutofungua mdomo hadi Jumamosi ipite.

Ijumaa nikagundua kwamba siwezi kuomba kwa amani kabla ya kumwambia Valentine. Nikampigia.

"Mama, subiri," alisema baada ya kunisikiliza. "Unaniambia mwizi yuko ukurasa wa kwanza?"

"Mstari wa kwanza."

"Na fomu inauliza kama walimjua kabla ya sura ya mwisho."

"Najua."

"Watajibu ndiyo. Wote kumi."

"Najua, binti yangu. Lakini njoo uwaone wakisikiliza. Kama ni kukirudisha, ukirudishe ukiwa umewaona."

"Nimeshakata tiketi ya treni," akasema. "Nitakuja. Lakini fomu ni ile ile, Mama. Sina nyingine."

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa katika darasa moja la shule ya msingi tunamosomea jioni. Valentine alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, amefunga nywele kwa kitambaa cha manjano, na fomu kumi ziko ndani ya bahasha. Vijana walikaa. Ben, mrefu kuliko wote, alikaa nyuma na kunyoosha miguu kama mtu aliyeletwa kwa nguvu.

"Hii si ile ya Mjomba Donald?" akauliza. "Sisi tushajua mwizi. Tusaini tuende mechi."

Valentine alinitazama. Nikafungua daftari, nikasoma mstari wa kwanza.

Ben akacheka. "Hata yeye amesema!"

Lakini nilipofika mahali ambapo Mjomba Donald anaketi mezani kwa dada yake, mikono bado ina udongo mwekundu kwenye kucha, na Mkamburi anamletea maji ya kunawa, anammiminia, na udongo ule unashuka kwenye beseni mbele ya macho yake, darasa lilinyamaza. Ben akavuta miguu ndani.

Nilisoma. Valentine alinipokea, akasoma. Nikampokea. Saa nne na nusu mama wa jikoni alileta chai ya maziwa na sinia la mahamri ya moto, akaliweka mezani. Hakuna aliyegeuka. Tulikuwa pikipikini. Nilipofika kwenye "betri zimekufa", Ben alisimama, akapiga dawati kwa kofi na kusema, "Ruka, wewe! Ruka!" Mwenziwe akamvuta shati akae. Sumayya alikuwa ameziba macho kwa mtandio, kana kwamba hadithi inaingilia machoni. Rita, ambaye sura hiyo ameshaisikia, alikuwa anatetemeka kuliko wote.

Saa nane kasorobo tulifika mwisho wa sura ya kumi na moja. Mkamburi yuko chini ya shimo, tochi iko mkononi mwake, na mjomba yuko juu ameshika kamba. Imebaki sura moja. Valentine akafunga daftari.

"Sasa fomu," akasema.

Kelele zilizotoka hapo sijawahi kuzisikia hata uwanjani.

"Fomu ya nini?"

"Madam, hiyo kamba anaiachilia?"

"Soma kwanza!"

"Fomu kwanza," akasema Valentine. Wakajaza kwa haraka, kalamu zikichana karatasi. Akazikusanya, akazipitia moja moja mbele yangu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kumi, zote ndiyo. Ben alikuwa ameongeza chini: "Nimejua tangu mwanzo, nyinyi someni tu."

Valentine alitoka varandani na simu. Nilimfuata, maana miguu yangu haikukubali kukaa. Vumbi la Voi lilikuwa linazunguka uwanjani. Aliweka simu isikike kwa wote.

"Habari, bosi. Fomu ziko tayari. Kumi kwa kumi. Wamemjua."

"Sawa," ikasema sauti nzito ya mwanaume. "Basi umalize kwa adabu, mshukuru huyo mama, urudi."

Kumbe nilikuwa nimejiambia niko tayari, na sikuwa tayari.

"Bosi," akasema Valentine, "chai imeletwa saa nne na nusu. Iko mezani mpaka sasa. Mahamri hayajaguswa. Ni vijana wa kidato cha pili."

"Hayajaguswa?"

"Hata moja. Nipe dakika tatu nikusomee."

"Valentine, sharti ni sharti."

"Dakika tatu tu." Hakungoja jibu. Alifungua sura ya kwanza akasoma aya mbili, betri na udongo, kisha akaruka hadi sura ya tatu. Alisoma taratibu, hasomi kama mtu anayeomba. Mkamburi akapokea tochi. Giza likaingia. Tochi haikuwaka. "'Zimekufa,' mjomba akasema, na pikipiki ikapunguza mwendo." Hapo Valentine akanyamaza.

Nilikuwa naomba bila maneno.

"Anaifungua hiyo tochi?" ile sauti ikauliza.

"Sura ya mwisho hatujafika, bosi."

"Wewe umeisoma lakini."

"Hii ni mpya. Mimi pia sijui."

Tukamsikia akivuta pumzi. "Huyo mama yuko hapo? Mama, mwanzo huu uliutoa wapi?"

"Kwa wasichana wawili waliokuja kushushiwa upindo wa sketi," nikasema. Ndilo jibu lililokuja.

Akacheka, cheko fupi la mtu asiyependa kukamatwa akicheka. "Valentine, hiyo fomu itupe. Swali ni baya. Njoo na muswada mzima Jumatatu, sura ya mwisho ikiwemo, tuandike mkataba. Na Mama, jina la mjomba usilibadilishe."

Simu ikakatika. Valentine alinikumbatia, na kile kitambaa chake cha manjano kikaniangukia begani. Nilitaka kupiga magoti pale pale kwenye vumbi, nilitaka kumpigia mwanangu Mable aliye Mombasa, nilitaka kukimbia hadi sokoni na kurudi. Tukaingia ndani, na vijana wote kumi walikuwa wamesimama.

"Tumekubaliwa," nikasema. "Kitabu kinachapwa."

"Hongera, Auntie," akasema Ben haraka haraka. "Sasa kamba?"

"Ngojeni ninywe maji kwanza."

"Maji baadaye, Shangazi," akasema Sumayya, na kunivutia kiti. "Soma."

Nikafungua sura ya kumi na mbili.